Bega Ambalo Halikuumia

Fort Lauderdale, Jumatatu, 3 Juni 2019

Mwezi uliopita nilitimiza miaka thelathini na tisa nje ya Havana. Nimeishi huku Florida muda mrefu kuliko nilivyoishi nyumbani, na mvua za huku nimeshazijua tabia: zinaanza Juni, zinakuja alasiri, zinapiga kama zimetukanwa, kisha jua linatoka kana kwamba halikuona kitu. Nimeamua kuandika shajara mpaka mvua hizi zikatike, kwa sababu mwezi wa kumi huenda nikarudi.

Jana simu ililia. Sauti sikuitambua.

"Evelio Cabrisas, mzee mwenzangu, bado unapumua?"

"Napumua. Nani mwenzangu?"

"Wilfredo Peraza. Wa kitanda cha tatu."

Kambini tulilala watatu kwa mstari: mimi, Amado Quesada, kisha Wilfredo. Sisi ndio tulioruka kutoka mita kumi kwa ajili ya timu ya taifa. Wilfredo alikuja kuwa kocha, sasa amestaafu na anaandika kitabu cha historia ya kuruka majini nchini kwetu. Kuna sura inayonihusu humo. Kitazinduliwa Oktoba, katika ukumbi ulio jirani na bwawa letu la zamani, na wakubwa wa michezo wako tayari kunitolea ruhusa ya kuingia nchini, ili niketi mbele ya watu sura hiyo ikisomwa.

Ruhusa hiyo nimewahi kuiomba mara mbili: Amado alipofariki, na mama alipofariki. Mara zote mbili nilinyimwa. Dada yangu Eneida, aliyenilea, ana miaka themanini na moja na anaishi peke yake. Sina njia nyingine ya kumwona isipokuwa mlango huu ambao Wilfredo ameushikilia.

"Ila usije ukaniandikia upuuzi," nilimwambia.

"Nitaandika yaliyotokea. Niletee na wewe kumbukumbu zako."

5 Juni

Mvua. Nimechana nywele mara tatu, utadhani napigwa picha leo.

Jumapili, 9 Juni

Eneida hunipigia kila Jumapili, na yeye ana haraka kuliko mimi.

"Umeshanunua viatu?"

"Dada, ni Oktoba."

"Oktoba itafika hujanunua. Niletee miwani na dawa ya magoti. Vitabu usiniletee, vinanijazia vumbi."

"Na kahawa?"

"Kahawa lete. Hii ya mgao wanaichanganya na njegere za kukaanga. Nakunywa mboga."

Anakaa ghorofa ya tatu. Kushuka anashuka mara moja kwa wiki, akimshika jirani mkono. Aliniambia ameshaanza kulianika godoro langu. Nikamwambia litapauka mpaka Oktoba, akasema likipauka nitajua limepigwa jua.

Alhamisi, 13 Juni

Kikundi chetu cha wasomaji hukutana maktaba ya Wilton Manors. Ni wazee watupu, karibu wote wanaume waliopenda wanaume wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa kazi ya hatari. Mwaka huu tunasoma vitabu vya wanamichezo wa namna yetu, na mimi kama mtaalamu wa maji nimepewa vya warukaji.

Leo nilichoka nikasema. Vitabu hivi vyote vina umbo moja: utoto wa siri, medali, machozi mbele ya kamera, harusi ufukweni. Siwaonei wivu waliooana ufukweni, wapate upepo mzuri. Ninachouliza ni aliyeshika nafasi ya kumi na moja yuko wapi. Aliyevuliwa fulana kabla ya mashindano, kitabu chake kiko kwenye rafu gani? Mwenye kuandika anakuja na mizani yake, asiye na medali hana uzito.

Thad Kowalczyk, mwalimu mstaafu kutoka Ohio, rafiki yangu, alivua miwani.

"Evelio, kitabu pekee usichokichukia wewe ni cha namba za simu."

"Na hicho kina makosa."

"Basi andika chako."

"Kuna mtu ananiandikia."

"Anakupenda?"

"Alilala kitanda cha tatu."

"Hilo si jibu," akasema Thad, akarudisha miwani.

18 Juni

Radi. Tukawatoa watoto kwenye bwawa ninakochezesha mashindano ya kuruka nikiwa refa, tukaanza kungoja nusu saa kama sheria inavyotaka. Dakika chache kabla haijatimia, radi nyingine. Tukaanza kungoja upya.

19 Juni

Vile vile.

Ijumaa, 28 Juni

Nimekaa tangu asubuhi kumwandikia Wilfredo aya moja. Nimeimaliza alasiri. Humu naandika yote.

Ilikuwa Aprili 1980. Mlinzi wa kambi alitukuta mimi na Amado kwenye chumba cha kubadilishia nguo, tumeketi, kichwa chake kiko begani kwangu. Ni hicho tu alichokiona, na kilimtosha. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, kiongozi wa timu alisimama kabla supu haijapoa. Hakupaza sauti. Alisema nchi inajisafisha, na timu nayo itajisafisha. Anayeona kwamba Cabrisas na Quesada hawafai kuvaa fulana ya taifa ainue mkono. Wakainua. Waogeleaji, warukaji, daktari. Wapishi nao walitolewa jikoni wakainua, mmoja alikuwa bado ameshika mwiko, kwa hiyo hata mwiko ulipiga kura.

Fulana tulizivua pale pale. Amado alikunja yake kona kwa kona, kama alivyokunja kila kitu.

Wiki iliyofuata umati ulikuja nyumbani kwa Eneida. Mayai. Katika nchi ambayo mayai yalitoka kwa mgao, siku ile yalipatikana ya kutosha kupigia mlango. Walipiga sufuria, wakaimba kwamba mashoga watoke. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa mstari wa mbele na alikuwa halengi vizuri. Hata chaki darasani hakuwahi kulenga.

Kisha serikali ikafungua bandari, mashua zije kuchukua watu kwenda Florida. Anayetaka kuondoka aende kituo cha polisi akiri kwamba yeye ni takataka ya jamii. Kukiri ushoga ilikuwa njia ya mkato. Jirani yetu Gumersindo, dereva wa greda na baba wa watoto watano, alikuja jikoni kwa Eneida kuniomba nimfundishe kutembea.

"Nilegeze mabega au nizidishe kiuno?"

Nilimwambia atembee kama kawaida na afunge mdomo. Hakusikia. Aliingia kituoni kama bata aliyekanyaga kaa la moto, wakampitisha. Yuko Tampa mpaka leo, ana wajukuu.

Mimi askari aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaandika kwamba naondoka nchini kwa sababu mimi ni shoga, nikatia sahihi.

Amado alikataa kwenda. Nilimsihi kwake mlangoni mpaka mama yake akanionea huruma akanipa maji.

"Nenda wewe," Amado aliniambia. "Mimi siwezi kutia sahihi kwamba ni takataka. Sijachafuka."

Walimpa kazi bwawani pale pale alipokuwa bingwa: kusugua vigae kila maji yanapotolewa. Ngazi ya jukwaa alikatazwa kuikanyaga. Alisugua mpaka mwaka wa 1991, mapafu yakamshinda.

Aya niliyompelekea Wilfredo ni fupi. Inasema Amado na mimi tulipendana, na kwa sababu hiyo tukafukuzwa kwa kuinuliwa mikono kwenye ukumbi wa chakula. Sikumtaja aliyeinua mkono. Sikuandika kuhusu mayai. Nimewapunguzia.

Jumapili, 30 Juni

Wilfredo amejibu: "Imeniliza, ndugu yangu. Itaingia kama ilivyo."

Nimenunua viatu.

11 Julai

Nimeweka sanduku sebuleni. Wenzangu wote waliowahi kwenda nyumbani wananipa ushauri, na wote wanapingana. Mmoja anasema vaa suruali mbili, sanduku libaki na nafasi ya sabuni. Mwingine anasema sabuni zipo, peleka nyuzi za kushonea na betri. Thad, ambaye hajawahi kufika, amenishauri nipeleke kofia.

Eneida amemwambia kila mtu ghorofani. Mjukuu wa yule mwalimu wa darasa la nne amemwomba nimletee kiatu cha mpira namba arobaini na mbili. Nilicheka peke yangu, kisha nikakinunua.

17 Julai

Radi. Kungoja. Radi.

Jumanne, 30 Julai

Kurasa za sura yangu zimefika kwa barua pepe. Nimezisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama tena.

Imeandikwa hivi: "Cabrisas aliachana na mchezo mwaka 1980 kufuatia jeraha la bega, na baadaye akahamia ng'ambo kuungana na familia yake. Quesada alistaafu kwa hiari na kuendelea kulitumikia bwawa kwa moyo."

Sijawahi kuumia bega. Nimeumia kifundo cha mguu, pua, sikio la kushoto. Bega langu ni zima mpaka leo, naweza kuinua sanduku lile pale juu ya kabati kwa mkono mmoja, na nimefanya hivyo sasa hivi kwa hasira. Familia yangu ilikuwa mama na Eneida, na ndio niliowaacha. Niliungana na nani? Niliungana na kitanda cha turubai kwenye kambi ya wakimbizi, katikati ya watu mia tatu.

Na Amado "kwa moyo". Mtu aliyewekwa miguuni pa ngazi asiyoruhusiwa kuipanda, miaka yote ile, brashi mkononi, anatazama juu. Kwa moyo.

Lakini linalonichoma zaidi ni hili. Nilipotaka kuondoka walinilazimisha niseme mimi ni shoga, wakaliandika wao, wakapiga muhuri. Hilo lilikuwa neno lao. Nililibeba kuvuka bahari, nikalifua, nikalivaa, likawa langu, nikazeeka nalo kwa heshima. Leo ninapowarudishia neno lao wenyewe, wananiambia hapana, lilikuwa bega.

Jumatano, 31 Julai

"Wilfredo, bega gani?"

"Evelio, nisikilize kwanza."

"Nakuuliza la kulia au la kushoto. Kama umeniumiza nijue pa kushika."

"Wakubwa wameisoma ile aya. Imewapa taabu."

"Si uliniambia mambo yamebadilika huko?"

"Yamebadilika sana. Watu wenu wana maandamano yao, bendera, ngoma. Hata mke wangu alikwenda kucheza. Lakini hayo ni ya leo, bwana. Historia ni kitu kingine."

"Kwa hiyo leo tupo, zamani hatukuwepo. Tumeota kama uyoga."

Akashusha pumzi. "Tumefanya kama mnavyofanya nyinyi waamuzi. Alama ya juu kabisa inafutwa, ya chini kabisa inafutwa, inabaki ya katikati. Huku kuna wanaosema wewe ni msaliti. Wewe unasema mlifukuzwa. Tumechukua katikati."

"Tunafuta alama za majaji, Wilfredo. Mruko hatuufuti. Aliyeruka ameruka."

Nikamuuliza kama na yeye aliinua mkono.

"Nani hakuinua?"

"Sikuuliza nani."

"Ilikuwa supu ya maboga," akasema. "Tangu siku ile siwezi kuila, mke wangu hajui kwa nini." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kitanda cha tatu. "Njoo tu, ndugu yangu. Kaa, waisome, ni dakika mbili. Piga makofi, halafu nenda ukamkumbatie Eneida. Hiyo ruhusa sikuipata kirahisi."

Nilimwambia nitafikiri. Ni kweli nilisema hivyo. Dakika mbili si nyingi. Nimekaa kwenye mikutano mibovu zaidi.

2 Agosti

Nimejaribu kukasirika siku nzima, kila nikianza namwona Eneida analigeuza godoro juani.

Jumamosi, 3 Agosti

Mashindano ya kanda, bwawa la wazi, mimi refa mkuu. Naandika kilichotokea kwa mpangilio.

Katika mchezo wetu mrukaji huwasilisha mapema mruko atakaoufanya, na mtangazaji anausoma kwa kipaza sauti kabla hajaruka. Leo mtangazaji aliruka mstari. Msichana mmoja wa Orlando, Brianna, mwanafunzi wa chuo, alikuwa amesimama ukingoni kwa ncha za vidole, mgongo kwa maji, tayari kwa mruko wa kinyumenyume. Mtangazaji akasoma mruko wa mbele. Brianna akatulia kidogo. Kisha akageuka, akatazama mbele, akaruka kilichotangazwa. Aliruka vizuri, maji yalimpokea bila kutifuka.

Nilipuliza filimbi kabla majaji hawajainua alama. Kosa ni la mtangazaji, mruko umefutwa, arudi juu aruke wake. Kocha wake alinijia mbio.

"Mzee, muache. Ameruka kama malaika. Huo wa kinyumenyume haujui hivyo."

"Huu si wake."

"Nani atajua?"

"Wewe, mimi na yeye. Tayari ni umati."

Wakati anajifuta na kitambaa chake nilimuuliza msichana kwa nini hakuinua mkono kusahihisha. Ni haki yake, kila mrukaji anafundishwa.

"Kila mtu alikuwa ameshasikia," akasema. "Niliona aibu kuwaambia siyo. Nikaona bora niwe walichosikia."

Akapanda, akaruka wa kwake. Maji yalitifuka, alama zikawa za kawaida, akashuka hadi nafasi ya sita. Kocha hakuniaga. Brianna aliniaga.

Nimeendesha gari hadi nyumbani huku mvua inapiga na sikuwasha redio. Nimekuwa refa miaka yote hii, nimemfutia binti wa watu mruko mzuri kwa sababu haukuwa wake, na Oktoba nataka kwenda kuketi mbele ya watu nikapige makofi kwa bega.

Jumapili, 4 Agosti

Nimemwandikia Wilfredo. Aya ikirudi, nakuja. Isiporudi, siji, na jina langu waliondoe kitabuni.

Amejibu kwamba aya haitarudi, na jina haliwezi kuondoka, limeshaingia mtamboni kuchapwa. Yaani mwili wangu wanaweza kuuzuia, jina hawaliachii.

Jumanne, 6 Agosti

"Kwa hiyo huji," Eneida akasema.

"Siji kwa sharti lile."

"Sharti gani, wee Evelio? Kukaa kwenye kiti? Mimi nakaa kwenye kiti kutwa."

"Watasoma uongo na mimi nipo pale."

"Wasome. Miaka sitini wananisomea, nasikiliza, narudi nyumbani napika. Umewahi kuniona nimekufa?"

"Ni uongo juu ya Amado pia."

"Amado nilimpikia mimi. Alikuja hapa kila Jumapili baada ya wewe kuondoka, ananipandishia ndoo za maji, na mapafu yale. Nilimpenda kabla hujajua kama unampenda. Lakini Amado amekufa, mdogo wangu, mimi bado. Ukitaka kumtendea mtu haki anza na aliye hai."

Nikasema, "Dada."

"Godoro nimeshaliingiza ndani," akasema, akakata.

11 Agosti

Jumapili. Hakupiga. Nilipiga, hakupokea.

18 Agosti

Vile vile.

25 Agosti

Jirani yake alipokea. Anasema Eneida yuko bafuni. Nyuma yake nilimsikia Eneida akimwambia aseme yuko bafuni.

Jumatatu, 2 Septemba

Kimbunga kilikuwa kije moja kwa moja juu yetu. Nilipigilia mbao madirishani, Thad akanishikia ngazi huku analalamika kwamba Ohio hakuna upuuzi huu. Kimegeuka baharini, kimetuachia upepo na mvua.

Kila kimbunga Eneida hunipigia kuniuliza kama paa liko. Safari hii kimya.

Alhamisi, 12 Septemba

Thad amenibakisha maktaba baada ya wengine kuondoka. Anajua kila kitu.

"Nikwambie kitu na usinirukie," akasema. "Nilifundisha miaka thelathini nikiwa na picha ya mwanamke mezani. Binamu yangu. Kila mtu alidhani ni mchumba wangu aliyefariki. Walinihurumia, waliniletea keki. Nilipata kazi, nikapata pensheni. Sisemi ni vizuri, nasema inawezekana."

"Na usingizi?"

"Ulikuja. Aliyeudhika ni binamu, anasema hakutoka vizuri kwenye picha ile."

Tulicheka mpaka mkutubi akatutazama. Kisha nikamwambia ukweli wangu: uongo huu ungekuwa wangu peke yangu, ningeumeza na maji nikaenda. Wangeandika bega, wangeandika wazimu, wangeandika nilimezwa na papa, ningekaa kwenye kiti nimshike Eneida mkono. Lakini yupo mtu aliyeambiwa atie sahihi neno moja apate kuwa huru, akakataa, akaishia na brashi. Nikikaa pale wakimsoma "kwa hiari" nikapiga makofi, nitakuwa nimemtilia sahihi mimi.

Thad alifuta miwani muda mrefu. "Haya," akasema. "Hilo ni jibu."

29 Septemba

Sanduku nimelifungua. Kiatu cha mpira nimemtumia yule mjukuu wa mwalimu kwa mtu anayesafiri. Yeye hana kosa katika haya.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo ndiyo uzinduzi. Mvua ndogo. Nilikwenda bwawani nikakagua mbao za kurukia ambazo hazikuwa na shida.

Jumapili, 13 Oktoba

Simu saa mbili asubuhi.

"Umekula?" Ni Eneida.

"Bado, dada."

"Kula, halafu unipigie."

"Naomba useme sasa hivi."

Akavuta kiti, nilikisikia kikiburuzwa. Naandika kama alivyosimulia.

Walimletea gari. Wilfredo mwenyewe alipanda ghorofa tatu kumchukua, akihema kama ng'ombe, akamwambia kwamba dada ndiye atakayepokea cheti cha heshima walichoniandalia. Eneida alivaa gauni la bluu. Wakamkalisha mstari wa mbele, wakampa maua.

"Nilikwenda kwa sababu walileta gari," alisema. "Nilikuwa bado nimekukasirikia. Nilitaka nichukue hicho cheti nikitundike, ili siku moja nikwambie ona, mtu anaweza kukaa kwenye kiti."

"Ikawaje?"

"Wilfredo akasoma. Bega nikalivumilia. Akafika kwa Amado, akasema kwa hiari, kwa moyo. Nikakumbuka zile ndoo. Halafu akasema sasa dada wa bingwa atatupa neno la shukrani. Nikasimama, wakaniletea kipaza sauti."

Nilimsikia akikisogeza kiti.

"Nikasema, mdogo wangu hakuumia bega. Yeye na Amado Quesada walipendana, mkawafukuza. Mayai mliyopiga mlangoni kwangu niliyafuta mimi, na mengine yalikuwa mazima kabisa, yangeweza kuliwa. Nikakaa."

"Watu wakafanya nini?"

"Feni ilikuwa inazunguka. Mtu akakohoa. Halafu wakaleta vitafunio."

"Vizuri?"

"Vikavu."

Gari la kumrudisha halikuonekana. Alipanda baiskeli ya abiria, na maua yao mkononi. "Maua sikuyaacha," akasema. "Yalikuwa mazuri, na hayakusema uongo."

Nilimwambia nilimdhania vibaya. Miaka yote nilimhesabu ni mtu wa kumeza tu, mtu anayetaka nyumba itulie.

"Nilitaka itulie," akasema. "Ndiyo maana nilimeza. Sasa sikiliza. Hawatakupa tena ile ruhusa. Nilijua hivyo nikiwa nimeshika kipaza sauti."

"Najua."

"Na nilitaka kukuona."

"Najua, dada."

"Usiniitikie najua, najua, kama kasuku. Nilitaka kukuona, Evelio."

Nilimsikia jirani yake akimuuliza kama maji yapandishwe.

Jumatano, 16 Oktoba

Wilfredo.

"Dada yako ameniharibia."

"Nimesikia."

"Ruhusa yako imefungwa kabisa. Na toleo la pili la kitabu atapewa mtu mwingine, si mimi."

"Pole." Nilimaanisha, na hilo limenishangaza.

"Watu walipotoka, vijana wawili wa timu ya sasa walibaki," akasema. "Wakaniuliza Quesada alikuwa nani."

"Ukawaambia nini?"

"Kwamba katika mruko wa kinyumenyume hakuna aliyemfikia, hata wewe."

"Sicho ninachouliza."

"Najua unachouliza." Alishusha sauti. "Niliwaambia na hilo. Nilifunga mlango kwanza, lakini niliwaambia. Niliwaambia pia kwamba mkono wangu ulikuwa juu."

Sikumsamehe. Lakini sikukata simu, tukazungumza kidogo juu ya mgongo wake, ambao unamsumbua.

24 Oktoba

Kikundi kimenitaka nisome kitu changu mwezi ujao. Nimekubali. Nitaanzia kwenye fulana iliyokunjwa kona kwa kona.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua zimekatika. Asubuhi hewa ilikuwa nyepesi na maji ya bwawa yalionekana mpaka chini, kila kigae peke yake. Watoto waliruka hadi adhuhuri bila mtu kuwapigia filimbi ya radi.

Eneida amepiga mchana. Tumeongea juu ya bei ya nyanya, juu ya binti wa jirani anayetaka kuolewa na mpiga tarumbeta, juu ya goti la kulia. Aliniuliza Amado alikuwa akinichekesha kwa kitu gani, maana yeye anamkumbuka akiwa na huzuni tu. Nilimweleza jinsi alivyokuwa akimwigiza kiongozi wa timu akila maembe. Alicheka mpaka akakohoa.

Eneida ana miaka themanini na moja, na mimi sitarudi Havana.